OTP iko Kikuubo, mwenyewe yuko Guangzhou

Mhariri,

Yule ndugu aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita ati wanaolia habari ya roaming, yaani kutumia laini ya nyumbani ukiwa nchi ya nje, ni wavivu tu, hoteli zote siku hizi zina wi-fi, mtu atulie kitandani apige WhatsApp yake, mimi sijui yeye alisafiri kwenda wapi, labda Jinja hapa hapa Uganda. Nimeisoma ile barua mara mbili nikacheka, mara ya tatu nikasema hapana, hebu nami niandike, maana hii kitu imenilia pesa na imeninyima usingizi, na saa hizi najua kuna watu wanafunga mabegi, huyu anaenda Dubai, yule umra, wasichana wetu wanaenda kutafuta kazi Uarabuni, na hakuna anayewakalisha chini kuwaambia simu itakuwaje huko.

Mimi nauza mapazia. Duka liko mjini Kampala huku chini karibu na soko la Kikuubo, nyumbani ni Bombo. Zamani vitambaa nilikuwa nachukulia Dubai, na safari yangu ya kwanza kabisa niliweka eyataimu ya elfu 50 kwenye laini nikijua ntapiga simu mbili tatu kusema nimefika salama. Ndege ikatua, nikawasha simu, ikashika mtandao wa pale, mimi huyo kwenye foleni ya pasipoti na raha zangu. Mara simu ikaanza, tii, tii, tii. Grupu la familia, grupu la harusi ya binamu, grupu la SACCO, grupu la wazazi wa shule, kila mtu ametuma video, ya mtoto anacheza, ya shehe anahutubia, ya keki ya harusi imepigwa pande zote nne, na simu yangu inazivuta zote yenyewe bila kuniuliza. Sijafika hata kwa yule wa kugonga muhuri ikaja meseji kwamba salio limeisha. Jamani sijapiga hata simu moja! Elfu 50 imekwenda na keki ambayo sikuila.

Na hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu laini yangu ni ya kulipa kwanza, ikila inakula kilichomo inaishia hapo. Mwenye laini ya ofisi ya kulipa mwisho wa mwezi yeye anakula hewa anafurahi, bili anaikuta nyumbani.

Sababu yake nilikuja kuelezwa na kijana mmoja fundi simu hapa mjini, na aliieleza vizuri kuliko kampuni yenyewe. Alisema, nyabo, ukiwa nje ule mnara wa kule haukujui wewe, unaijua kampuni yako ya Kampala. Hizo kampuni mbili zinauziana data kwa bei ya jumla waliyopatana wenyewe, halafu yako inakuja kukuuzia wewe reja reja, na kama hukununua bando la roaming kabla, unakatwa ile bei ya bila bando, ambayo ni kisu. Halafu akaniambia kingine ambacho siku ile nilikiona cha ajabu tu, kwamba data ya laini ya Uganda ukiwa nje kwa kawaida haichukui njia ya mkato, inarudi kwanza nyumbani Uganda ndo inatoka kwenda duniani. Yaani uko Dubai, unafungua picha ya duka la Dubai, picha inazungukia Kampala ndo inakufikia mkononi. Hilo mliweke akilini kidogo, ntalirudia.

Basi nikajiona nimeerevuka. 2023 mwezi wa 11 nikaenda China kwa mara ya kwanza, Guangzhou, na safari hii nikasema laini ya Uganda hainioni tena. Nikaitoa kwenye simu kubwa nikaiweka kwenye katochi, kile kisimu kidogo cha vibonyezo, katochi nikamwachia mpwa wangu dukani, sababu ndo namba ya mobile money ya duka, wateja wanalipia hapo, isingekuwa vizuri izimwe wiki mbili. Nikaona hapo nimepiga hesabu safi. Nikifika nanunua laini ya Kichina, naingia WhatsApp, maisha yanaendelea.

Laini ya Kichina niliipata pale pale airport, wanaangalia pasipoti, wanakupiga picha, dakika chache mtandao huo, tena wa kasi. Nafungua WhatsApp, inazunguka. Google, inazunguka. Gmail, ndo usiseme. Mtu alishaniambia kwamba China wamefunga hizo zote lakini mimi nilidhani ni maneno ya watu wanaotaka kukuuzia VPN, zile programu za kupenya mitandao iliyofungwa. Kumbe ni kweli, na ile wi-fi ya hoteli ambayo ndugu yetu anaisifia nayo ni hivo hivo, imejaa mistari yote lakini kwa WhatsApp ni ukuta. Na VPN huiteremshi ukishafika, Play Store yenyewe imefungwa, kama hukuja nayo kutoka nyumbani ndo basi. Tena sheria yao haizipendi zile VPN zisizoruhusiwa, kwa hiyo mimi hapa simfundishi mtu kitu, nasema tu nilichokiona.

Sasa sikilizeni. Kule hawataki noti. Hata mama wa kuuza machungwa barabarani amening'iniza kibao cha QR shingoni, unapiga picha, unalipa kwa Alipay au WeChat, unachukua machungwa yako. Ukimpa noti ya yuan 100 anakuangalia kama umempa hati ya shamba. Toka 2023 hizo programu zinakubali kuunganishwa na Visa na Mastercard za nje, kwa hiyo mgeni hana shida, anaweka pasipoti, anaweka namba ya kadi, benki yake inamtumia OTP, ile namba ya siri ya kutumia mara moja inayokuja kwa SMS, kuhakikisha ni yeye, anaiandika, kwisha.

Benki yangu ikanitumia OTP. Kwa namba yangu. Namba yangu iko kwenye katochi. Katochi iko Kikuubo.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la vitambaa pale Zhongda, soko la vitambaa ambalo ukiingia asubuhi unaweza kutoka jioni hujafika mwisho wake, nimeshachagua mzigo, muuzaji ananingoja na kikokotoo mkononi, na mimi namhitaji mpwa wangu anisomee namba sita tu. Kumpata ni WhatsApp, na WhatsApp imefungwa. Kupiga simu ya kawaida, laini ile ya Kichina haikufunguliwa kupiga nje. Imeil pia nayo ni Gmail. Nilihisi kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe iko nchi nyingine.

Aliyeniokoa ni Hajji mmoja wa hapa hapa Kampala anayeleta spea za magari, tulikuwa hoteli moja. Yeye ameenda China miaka mingi na hana makuu, laini yake ya Uganda iko ndani ya simu, amenunua bando la roaming kabla ya kuondoka, ghali ndiyo, dogo ndiyo, lakini anasema hilo si la kuangalia video, hilo ni la shida. Akatoa simu, akafungua WhatsApp, ikafunguka! Nikamuuliza Hajji wewe una VPN gani, akasema sina VPN, mimi nina laini ya nyumbani. Ndo nikayakumbuka maneno ya yule fundi, data inarudi kwanza Uganda, kwa hiyo ule ukuta wa China inaupita kwa ndani kama mgeni wa serikali.

Tukampigia mpwa wangu. Kule Guangzhou ilikuwa saa moja jioni, kwa hiyo Kampala saa nane mchana, tofauti ni masaa matano, dukani wamejaa watu. Namwambia soma meseji iliyoingia sasa hivi, ananisomea namba ndeeefu, kumbe ananisomea transaction ya mobile money ya mteja aliyelipa pazia. Nasema hapana, ya benki, anasema subiri shangazi kuna mama hapa anauliza bei ya fimbo za pazia, anamjibu yule mama kwanza, akirudi OTP imekufa, maana zile ni za dakika chache tu. Tukaomba nyingine. Hiyo akaisoma sawa ila mtandao ukakatika kwenye namba ya nne. Ya tatu ndo ikaingia, na mimi jasho limenitoka na nje kuna baridi. Na msiniambie benki zinakataza kumsomea mtu OTP, najua, kila siku wanatutumia hiyo meseji ya kutuonya, nyie niambieni ningefanyaje.

Kuna jambo lilitokea usiku ule ambalo mpaka leo linanichekesha. Hajji akanipa simu yake nijibu meseji kidogo, nikasema na Facebook niangalie, nina wateja huko. Haikufunguka. WhatsApp inafunguka, Google inafunguka, Facebook hamna. Nikasema si tumeshatoka kwenye ukuta wa China? Hajji akacheka mpaka akakohoa, akasema tumetoka wa China tumegonga wa nyumbani. Si mnakumbuka kwetu Facebook ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, haijafunguliwa, basi laini ikirudi Kampala inakutana na kufuli la Kampala. Sisi Waganda kweli tumepitia, tulianza na ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kila siku 2018 tukajifunza VPN mpaka bibi zetu, ikaondolewa 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe, halafu mtu anashangaa kwa nini mfanyabiashara wa mapazia anajua habari za mitandao.

Sasa ndo nije kwenye ninachotaka kusema. Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunadhani roaming ni kitu kimoja. Ni viwili. Kuna laini yako kuruhusiwa kushika mtandao wa nje, hiyo ndo inakufanya upokee SMS na simu, na kuna data roaming, ile switchi ndani ya simu, ambayo ndo mla pesa. Unaweza kuacha ya kwanza iko wazi na ya pili umeizima kabisa, na laini yako ikakaa mfukoni kimya, haili kitu, inangoja OTP ya benki tu, kupokea SMS kwa kawaida hukatwi. Kupokea simu huko mbali ndo unakatwa, hiyo usipokee. Mimi kwa kuogopa cha pili nilikimbia vyote viwili. Dubai ilinila kwa sababu switchi ilikuwa wazi, na China ilinibana kwa sababu laini sikuwa nayo kabisa, na ungeniuliza siku ile ningekwambia shida ni moja, ati roaming mbaya.

Na hiyo ya kwanza laini zingine zinakuja imeshafunguliwa, zingine lazima uombe, na ukishapanda ndege Entebbe hujaomba, unaombaje na laini haina mtandao? Kwa hiyo inafanywa hapa hapa nyumbani, siku mbili tatu kabla.

Data yenyewe nunua kule au tumia eSIM, ile laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Safari zangu zilizofuata nimetumia eSIM, unainunua mtandaoni kabla ya kusafiri kwa kadi ya benki, wanakutumia QR, unaiweka ukiwa bado kwenye wi-fi ya nyumbani, laini yako ya Uganda inabaki ndani kwa ajili ya SMS. Zile eSIM za wasafiri za China nyingi zinatokea Hong Kong au Singapore kwa hiyo WhatsApp inafunguka. Ila kabla hujatuma pesa bonyeza *#06#, ikitokea namba inaitwa EID simu yako inakubali, isipotokea acha, na simu nyingi za bei yetu hizi za mjini hazikubali, watakula pesa yako bure. Na WhatsApp ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa, inabaki kwenye namba yako ya zamani hata laini ikiwa ni nyingine. Kuna dada alikubali, wateja wake wote wakaanza kumtafuta kwenye namba ya Kituruki.

Dubai nako msidanganyike, WhatsApp ya meseji inakwenda lakini ya kupiga simu wameifunga, wenzetu wanaofanya kazi kule wanatumia programu ya Botim. Binti wa jirani yangu Bombo alifika kule wiki nzima mama yake analia nyumbani anadhani mtoto amenyang'anywa simu, kumbe simu anayo, anapiga tu haiiti.

Halafu kuna wifi yangu. Si wi-fi, wifi, mke wa kaka. Anakaa Busia mpakani, upande wetu wa Uganda kabisa, hajavuka popote, anachambua maharage mlangoni kwake simu inalia, Karibu Kenya. Mnara wa ng'ambo una nguvu kuliko wa kwetu, simu inauhamia, bando la Uganda linakaa linangoja na salio linapungua. Sasa huyo naye ni mvivu? Dawa yake nilimwonyesha, unaingia kwenye settings unazima ile ya simu kujichagulia mtandao, unachagua wa kwetu kwa mkono, lakini nimemwonyesha mimi, hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kupita pale kuwaambia. Watu wa mipaka mingine, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe, wote wanaijua hii hadithi.

Na hapo ndo huwa nashangaa. 2014 mwishoni na 2015 mwanzoni nchi zetu, Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, zilikubaliana ile ya mtandao mmoja, ukipigiwa ukiwa Nairobi hukatwi kwa kupokea, na kupiga bei ilishuka ikawekewa mpaka. Ilisaidia sana, mimi nilikuwa naenda Nairobi Eastleigh na laini tatu nikaanza kwenda na moja. Lakini hiyo ni sauti. Siku hizi nani anapiga sauti? Biashara yote ni data, picha ya kitambaa, sauti ya WhatsApp, mobile money. Ulaya toka tarehe 15 Juni 2017 mtu anatoka Ureno mpaka Poland na bando lake la nyumbani bila kuongezewa bei, na sisi Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane sasa, Somalia imeingia 2024, tunaimba soko moja, halafu mtu wa Busia anatozwa roaming akiwa jikoni kwake.

Ila hilo la nchi nane najua ni la wakubwa na litachukua miaka. Ninachoomba mimi ni kidogo na kinawezekana kesho asubuhi. Kampuni za simu, laini ikishika mtandao wa nje, data izimwe mpaka mwenyewe akubali. Ije meseji iseme bei ni hii, bando liko hivi, unataka au hutaki, bonyeza moja. Mtu asikatwe shilingi kabla hajabonyeza. Na hiyo meseji isije kwa Kiingereza peke yake! Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii toka 2005, iko kwenye katiba, sasa mbona matangazo ya kutuuzia caller tune mnaweza kuyatuma kwa kila lugha ila ya kutuambia mtatukata yanakuja kwa Kiingereza cha mawakili, herufi ndogo, saa ambayo mtu ameshikilia pasipoti kwa meno na begi kwa mikono miwili? Tume ya mawasiliano ikiamua inaweza kuwaamuru.

Nasema hivi kwa sababu mama yangu anaenda umra mwezi ujao. Kiingereza hasomi, Kiswahili na Kinubi anasoma vizuri kabisa. Na huko si mambo ya anasa, kuingia Rawdha, ndani ya msikiti wa Mtume pale Madina, siku hizi lazima uwe na kibali cha kwenye programu ya Nusuk, kina siku na saa yake, mtu asiye na intaneti atasimama nje anawaangalia wenzake. Kwa hiyo jana nimekaa na simu yake masaa mawili. Nimezima data roaming, nimezima zile video kujiteremsha zenyewe, nimeomba laini ifunguliwe ipokee SMS akiwa huko, programu nimeweka, laini ya Saudia watanunua airport kwa pasipoti na alama za vidole, kiongozi wa msafara ameniahidi kumshika mkono mpaka kwenye dirisha.

Nilipomaliza nikamwambia mama, sasa ukifika picha za grupu hazitakuja zenyewe mpaka uziguse. Akaniangalia, akasema, hata za harusi? Nikamwambia hasa hizo za harusi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Mapazia,
Kampala